Maneno Aliyoyatafuta Matroni

Matroni hakutaka kumwona muuguzi akimpa mgonjwa pole huku amesimama. "Keti kwanza," alikuwa akituambia. "Pole ya kusimama ni ya mtu anayetaka kuondoka." Akikukuta miguuni pa kitanda, faili kifuani, unasema maneno ya kuliwaza, hakukugombeza. Alivuta kiti mwenyewe, akakusukumia nyuma ya magoti mpaka ukajikuta umekaa, kisha akaenda zake. Mimi aliniketisha hivyo wiki yangu ya kwanza Riyadh, mbele ya mzee mmoja aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari. Yule mzee alicheka, na binti yake akaniambia hajacheka tangu aletwe.

Jina la Matroni mwenyewe lilikuwapo kwenye beji yake, refu, limebanwa ili litoshe, lakini hakuna aliyelitumia. Madaktari walimwita Matroni, wafagiaji walimwita Matroni, na hata mkurugenzi alipompigia simu alisema, "Nipeni Matroni." Nami nitamwacha hivyo hivyo. Na huyo asiyeitwa kwa jina ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu majina ya wagonjwa. Ole wako umwambie kitanda cha nne kina homa. "Kitanda cha nne ni chuma," angekujibu. "Chuma hakipati homa. Nani ana homa?" Ilibidi useme jina la mgonjwa, la baba yake na la ukoo, tena uyatamke sawasawa.

Sisi wauguzi lakini alituita kwa nchi zetu. Mimi nilikuwa Tanzania. Mwenzangu Mwende, kutoka Machakos, alikuwa Kenya. Siku moja Mwende alichoka.

"Matron, mimi niko na jina."

"Ninalijua," Matroni akamjibu bila kuinua macho kwenye chati. "Siku utakayoacha kazi nitakuita kwa hilo jina. Sasa hivi, Kenya, nenda kamgeuze bibi yule kabla mgongo wake haujachubuka."

Neno la Kiarabu alilolipiga marufuku wodini ni halas, yaani basi, imekwisha. Riyadh nzima inaishi kwa halas: kazi imekwisha halas, gari limefika halas, hakuna mkate halas. Asubuhi moja muuguzi mgeni alitoka chumba cha mgonjwa mahututi, akavua glavu akasema, "Halas." Matroni alimshika kiwiko, akamrudisha ndani ya chumba kile, na wakakaa wote wawili pembeni ya maiti mpaka ndugu walipofika. Alipotoka alituambia neno hilo ni la madereva, na kwamba kwenye wodi yake watu hawakwishi kama mkate, wanafariki. Tangu hapo hata sisi tuliokuwa tukilisema nyumbani tulilimeza tukifika getini.

Msimdhanie alikuwa mwanamke wa chuma. Alipenda kubishana, alipenda kunukia mafuta ya nazi, na alikuwa na tamaa ya peremende za ukwaju ambazo alizificha kwenye droo ya bandeji. Viatu vyake vyeupe alivisugua kwa dawa ya meno. Kila mwaka ulikuwa mwaka wake wa mwisho Saudia: kila mwaka alitutangazia, kila mwaka alituandalia karamu ndogo ya kuaga, na kila mwaka ikama yake, kibali cha ukaazi, ikasainiwa upya. Mwende alikuwa akisema hizo karamu ndizo sherehe za siku yake ya kuzaliwa, maana tarehe ya kuzaliwa hatukuijua.

Nilikuja kumjua vizuri kwa sababu ya ukuta. Kwenye jengo la wafanyakazi chumba changu kilipakana na chake, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kama ubao wa kabati. Nilimsikia akikohoa, akiburuta ndoo, akiimba imba. Na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilimsikia akizungumza na mama yake kwa simu.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Wauguzi wengi wa Kihindi pale walitoka Kerala, na lugha yao ndiyo iliyotawala chumba cha chai. Matroni alitoka Odisha, pwani nyingine kabisa ya India, upande wa mashariki, na lugha yake ni Kiodia. Hospitali nzima hakuna mwingine aliyekijua. Ikabidi ajifunze lugha za wengine. Kiingereza kilikuwa cha madaktari, Kihindi cha wafagiaji na madereva. Kiarabu alikizungumza na ndugu wa wagonjwa kama mama mwenye nyumba. Lugha ya Kerala aliisoma kimyakimya bila kumwambia mtu, mpaka siku wenyewe walipokuwa wakimteta mbele yake kwenye chai. Aliwasikiliza hadi mwisho, akawasahihisha sarufi, akamalizia kikombe chake. Na kwangu mimi alichukua maneno mawili: "taratibu" na "haya", akayatumia kwa kufokea.

Zote hizo zilikuwa lugha za kazini. Ya nyumbani ilitoka Ijumaa tu, nyuma ya ukuta, na ilipotoka sauti yake iligeuka. Ilipanda, ikalegea, ikawa sauti ya mtoto anayedeka. Mara ya kwanza nilidhani ana mgeni. Sikuamini kwamba yule mwanamke aliyekuwa akitembea wodini madaktari wakifunga vifungo vya makoti yao ndiye huyo anayelalamika kwa mama yake, ananuna, anabembelezwa, anacheka hadi kwikwi. Sikuelewa neno hata moja, lakini mtu anayedeka unamjua kwa lugha yoyote.

Mama yake alifariki mwaka ule ndege ziliposimama dunia nzima. Matroni hakuweza kwenda. Mdogo wake wa kike, ndugu yake wa pekee, alimshikia simu ili aone mazishi kwa video. Kwao maiti huchomwa, na nadhani alichoona zaidi ni moshi. Kisha mtandao ukakatika. Ulipokuja kurudi, mdogo wake alimwambia maneno ambayo Matroni alinihadithia baadaye akiwa anamenya vitunguu: "Ulikuwa na miaka yote ile ya kuja kabla ndege hazijasimama."

Baada ya hapo hawakupigiana simu tena.

Siku moja baada ya mazishi Matroni alikuja zamu kama kawaida, viatu vyeupe pepepe. Wodi zilikuwa zimejaa, sote tumevaa barakoa, na barakoa inaficha mengi. Nilimwambia pole. Nilikuwa nimesimama. Alinitazama kwa muda, na mara hiyo hakunivutia kiti.

Ijumaa zikawa kimya upande wa pili wa ukuta. Halafu Ijumaa moja akanigongea mlango. Alikuwa ameshika kidole gumba cha mguu, uso umemkunjamana.

"Nimejikwaa," akasema. "Hapo mlangoni. Lile tuta la mlango. Nilitaka kulitukana kwa lugha yetu, Tanzania, nikakuta jina lake silijui. Nimelisahau. Neno nimelikanyaga utoto wangu wote, mama alikuwa akinikataza kukaa juu yake, na sasa limetoka kichwani."

Nilimpa barafu kwa ajili ya kidole. Lakini kidole hakikuwa shida yake. Alikaa kitandani kwangu na simu, akahangaika, na ndipo alipoipata ile kamusi. Ilikuwa kamusi ya Kiodia iliyowekwa mtandaoni, imetokana na vitabu vizito vya zamani vilivyopigwa chapa upya neno kwa neno ili mtu aweze kutafuta. Ukiandika neno la Kiingereza unaletewa la Kiodia. Ukiandika Kiodia kwa herufi hizi zetu, inakuletea kwa herufi zao za mviringo mviringo, kama mtu aliyepanga magamba ya konokono, na maana yake pembeni. Akaandika neno la Kiingereza la kizingiti.

"Erundi," akasoma. Akasoma tena kwa nguvu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. "Erundi! Erundi, mwanaharamu wewe, umenivunja kidole!" Akacheka mpaka nikacheka naye. Kisha akaingia bafuni kwangu akafungua bomba, na bomba likakaa wazi muda mrefu sana.

Tangu siku hiyo kamusi ndiyo iliyochukua nafasi ya Ijumaa. Baada ya chakula cha mchana alikuja chumbani kwangu au mimi nilikwenda kwake, na kama nilivyokuwa nikimsikia mwanzo akizungumza na mama yake, sasa nilimtazama akitafuta maneno. Hakuwa anajifunza. Alikuwa kama mtu anayerudi nyumbani baada ya wezi kupita, anafungua kabati moja baada ya jingine kuona kilichobaki. Kijiko kipo. Mlango upo. Mvua ya rasharasha ipo. Alipolikuta neno aliguna kwa kuridhika. Alipolikuta neno alilokuwa amelisahau kabisa, alilirudia polepole.

Aligombana sana na Kiingereza cha kamusi ile. Alinionyesha neno pakhala, na maana yake imeandikwa "wali uliolowekwa majini". Akaudhika.

"Wali uliolowekwa! Kama nguo chafu! Ni wali wa jana, unautia maji, unalala, asubuhi unaula na chumvi na pilipili na samaki mkavu, jua linawaka nje na tumbo lako ni baridi."

"Kiporo," nikamwambia.

"Ki-po-ro." Alilionja. "Na nyinyi mnalo?"

"Maji hatutii. Lakini kiporo tunacho. Na samaki mkavu tunaye, kwetu Tanga tunamwita ng'onda."

Alifurahi isivyo kawaida. Jioni ile alimkaanga yule samaki wake mkavu, jengo zima likanuka, Wafilipino wa ghorofa ya juu wakafunga madirisha, na sisi tukala kiporo chenye maji kwa mikono. Kuanzia hapo ukawa mchezo wetu. Alisoma neno, akaitukana tafsiri, akanieleza mwenyewe, nami nikatafuta kama Kiswahili kinalo. Mara nyingi tulikuwa nalo. Alikuwa akisema Waingereza ni maskini sana wa maneno, na kwamba ni ajabu wao ndio waliotutawala sote wawili.

Kulikuwa na neno moja ambalo kamusi haikuwa nalo. Ni neno ambalo mama yake alilisema alipokuwa akimchana nywele, kumwambia ainamishe kichwa na atulie. Alilijaribu kwa kila tahajia aliyoweza kuibuni. Alijaribu kuanzia mwisho. Alijaribu kutafuta kuchana, kuinama, kichwa, utosi, tulia. Kisanduku kile cha kutafutia kilimjibu kila mara kwamba hakuna kilichopatikana.

"Labda mama alilibuni," akasema mwishowe.

"Muulize mdogo wako," nikamwambia. "Naye si alichanwa nywele na mama huyo huyo?"

Aliandika neno jingine, akanipa simu nisome. Rusiba. Kamusi ilisema ni kukasirika, kuchukizwa na mpenzi au ndugu.

"Uongo," akasema. "Mtu aliyerusi hajakasirika. Anataka afuatwe. Anakwenda kukaa nje ya nyumba, uso amegeuzia ukutani, na masikio yote yako ndani, anasikiliza kama kuna anayekuja kumwita ale."

"Kususa," nikasema.

"Ku-su-sa."

"Mtoto anasusa chakula. Mke anasusa, anarudi kwao, anamsubiri mume amfuate. Mtu akisusa huwezi kumwacha. Ukimwacha umemwonea."

Alirudia neno hilo mara kadhaa kwa sauti ya chini. "Basi mdogo wangu amesusa," akasema. "Na mimi pia nimesusa."

"Sasa nani atamfuata mwenzake?"

Alifunga simu. "Taratibu, Tanzania," akasema, lakini safari hii hakufoka. Alikwenda zake, nami nikamsikia upande wa pili akifungua mlango wa kabati. Ndani ya mlango ule alikuwa amebandika picha ndogo ya mungu wao mwenye macho makubwa ya duara. Alikuwa na desturi ya kuufungua anapotaka kufikiri, kusimama mbele yake, na kuufunga tena.

Mwende ndiye aliyehama kwanza, akaenda tawi la hospitali yetu lililoko Jeddah. Mwaka uliofuata Matroni naye akapelekwa huko, kuanzisha wodi mpya. Alitufanyia karamu ya kuaga, na kwa mara ya kwanza karamu hiyo ikawa ya kweli. Chumba chake alipewa mfamasia wa Kisudani, mtu mpole asiye na kelele, na mimi nikawa ninalala nimeugeukia ukuta.

Nilimtembelea mara moja siku za uzima wake. Jeddah ilimfaa. Alisema hewa yake ina maji kama ya kwao, na nywele zake zimekumbuka kujikunja. Alinipeleka mtaa wa Sharafiya, akapita duka kwa duka akinusa samaki wakavu na kuwaambia wauzaji kwamba wameoza, kisha akanunua wa duka la kwanza kabisa. Jua lilipopungua tulikwenda Balad, mji wa kale, tukatembea katikati ya zile nyumba ndefu za mawe ya matumbawe zenye madirisha ya mbao, na akasimama mbele ya mlango mmoja mkuukuu.

"Huu ndio mwaka wa mwisho," akaniambia.

"Nimesikia, Matroni."

"Kweli mara hii. Umri wa kustaafu hauna mjadala. Nitarudi, nitakaa kwenye nyumba ya mama."

"Na mdogo wako?"

"Yumo humo humo. Tutakaa tumenuniana, kila mtu na chumba chake." Alisema hivyo akitabasamu, na nikaona kwamba alikuwa akilitamani hata hilo. Kununa ukiwa nyumba moja na mtu ni jambo kubwa, ukilinganisha na kununa kuvuka bahari.

Mwende alinipigia simu miezi michache baadaye, asubuhi, nikiwa napanga dawa.

"Wewe, kuja," akasema. "Kuja hata leo. Matron ameanguka kwa wodi. Ni stroke."

"Anaongea?"

"Hapo ndipo shida iko. Anaongea. Lakini Kizungu imeenda. Kiarabu imeenda. Nimemletea daktari wa Kihindi amuongeleshe Kihindi, anamuangalia tu. Imebaki ile lugha yake, na hata hiyo ni vipande vipande. Hakuna mtu wa kumwelewa. Nimeuliza mpaka kwa maduka ya Sharafiya, hakuna."

Nilipata ruhusa ya siku mbili, nikapanda ndege. Nilimkuta amelazwa kwenye wodi aliyoianzisha yeye mwenyewe, upande wa kulia wa mwili umekufa, mdomo umepinda upande mmoja. Macho yalikuwa yake. Aliponiona mkono wa kushoto uliinuka, na nikavuta kiti kabla ya kusema lolote. Nilikaa. Nilimwambia pole kwa Kiingereza, nikaona halikufika. Nikamwambia pole kwa Kiswahili, na sidhani kama nalo lilifika, ila sauti ilifika.

"Kuni," akasema.

"Umesikia?" Mwende akasema. Alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda na macho mekundu. "Ni hiyo tu tangu juzi. Kuni, kuni, kuni. Mimi nikafikiri ni kuni zetu. Nimemwambia Matron, hapa hakuna kuni, kuna gesi. Halafu nikaona ni ujinga, nikaanza kulia."

Simu ya Matroni ilikuwa kwenye droo. Niliinua kidole gumba chake cha kushoto, nikamtazama usoni kumwomba ruhusa, akafumba macho na kufumbua, nikakigusisha. Kamusi ilikuwa wazi. Niliandika kuni kwa herufi zetu, na ikanijia na zile herufi zao za mviringo. Maana yake: kidogo, kadogo, neno la mapenzi la kumwita mtoto wa kike.

Nilifikiri anajiita yeye, mtoto wa mama yake. Kisha nikafikiri upya. Familia yoyote yenye watoto wawili ina mkubwa na ina mdogo, na mdogo huitwa mdogo mpaka azeeke. Nikafungua orodha ya majina ya simu. Mengi yalikuwa ya Kiingereza na Kiarabu, lakini machache yalikuwa kwa zile herufi, na mimi zile herufi sizijui. Nilirudi kwenye kamusi, nikalitazama neno lile kama unavyoutazama uso wa mtu utakayempokea stesheni hujawahi kumwona: kona ipi, mkia upi, kitanzi kipi kiko juu. Nikarudi kwenye majina. Nikaenda, nikarudi. Lilikuwepo, lile lile, peke yake.

"Ni nani?" Mwende akauliza.

"Mdogo wake."

Nilipiga. Iliita mpaka ikakatika. Nilipiga tena, na mwanamke mwenye mvi na miwani akatokea kwenye kioo, uso wa Matroni kama ungekuwa mwembamba. Aliponiona mimi badala ya dada yake akashtuka. Nilimweleza kwa Kiingereza mimi ni nani. Kiingereza chake kilikuwa cha shule, kizuri, cha polepole. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

"Amekutuma?" akauliza.

"Hawezi kumtuma mtu, dada. Amepata kiharusi. Lugha zote zimempotea isipokuwa yenu, na neno lililobaki mdomoni ni jina lako."

Nyuma yake alipita ng'ombe, nikasikia mtu akipampu maji.

"Kwa nini hakuniita kabla ya kuumwa?" akasema. Na sauti ilikuwa ile niliyoijua kutoka nyuma ya ukuta, ile ya mtu anayetaka kufuatwa.

Niliigeuza simu nikaishika mbele ya uso wa Matroni.

Walitazamana. Kisha mdogo mtu akaanza, na alianza kwa kugomba, maneno yakitoka mbiombio, kidole kikinyooshwa, na Matroni akasikiliza huku machozi yakishuka upande mmoja wa uso, ule ulio hai. Yule mwingine akagomba mpaka pumzi zikamwishia, naye akalia. Matroni akasema, "Kuni." Akasema na jingine, na jingine, kwa shida, kila neno akilivuta kama ndoo kutoka kisimani. Kamusi nilikuwa nayo hata kwenye simu yangu mwenyewe, mfukoni. Sikuitoa. Mazungumzo yale hayakuwa yangu.

Mwende alikuwa ametoka nje ya pazia. Mkono wangu ulichoka, nikaubadilisha, nikaendelea kuwashikia.

Mwishoni Matroni alisema neno moja ambalo nililisikia vizuri, kwa sababu alilisema safi, bila kukwama. "Asuchi," akasema. "Asuchi, Kuni." Mdogo wake akafuta macho kwa ncha ya sari, akatikisa kichwa, akatabasamu. Kisha akakata simu.

Kesho yake mchana, nilipoinama kumuaga niwahi ndege, alinishika mkono akaniambia na mimi: "Asuchi."

Nilikaa tena kwenye kiti nikatafuta. Kamusi haikunipa neno lenyewe, ilinipa mzizi wake, asiba, na maana yake ni kuja. Nikamwita Mwende.

"Anasema anakuja," nikamwambia. "Amemwambia mdogo wake, na sasa ananiambia mimi. Anakuja. Anataka kwenda kwao."

"Basi aende," Mwende akasema, na akajipangusa pua. "Wacha nianze makaratasi saa hii."

Na alianza kweli. Alimfuata daktari asaini kwamba anaweza kusafiri akiwa amelala. Alimfuata mtu wa ofisi anayeshughulika na ikama na viza ya kutoka. Alizunguka kwenye ofisi za ndege. Mimi nikiwa Riyadh nilipiga simu kila mapumziko ya chai, na kila mara Mwende aliniambia karatasi gani imepatikana na ipi bado. Tulikuwa tumeanza kuongea juu ya nani atasindikizana naye.

Alifariki kabla ya karatasi ya mwisho. Mwende alikuwa zamu. Aliniambia alivuta kiti akakaa naye, hakuinuka hata walipomwita wodi nyingine, na alimwita kwa jina lake, lile refu la kwenye beji, alilitamka lote. Makaratasi yale yakabadilishwa yakawa makaratasi ya aina nyingine.

Ni mimi niliyempigia mdogo wake kumwambia ni ndege gani itakayoupeleka mwili. Habari ya kifo alikuwa ameshaipata. Aliandika saa ya kufika, akaisoma kunihakikishia, na tukabaki kwenye simu, hakuna anayetaka kuifunga.

"Samahani hatukuwahi," nikamwambia. "Alikuambia anakuja. Na mimi aliniambia. Tulitafuta neno lile kwenye kamusi tukaanza kumshughulikia siku ile ile."

"Neno gani?"

"Asuchi."

"Ni kweli maana yake ni nakuja," akasema. "Lakini kwetu mtu anapoondoka hasemi naondoka. Ni vibaya. Anasema nakuja. Mgeni akitoka nyumbani kwako, mtoto akienda shule, wote wanasema hivyo."

Nilimkumbuka mama yangu Tanga, akitupa kanga begani, akitoka mlangoni kwenda kwa jirani na kusema "Nakuja," na sisi hatuinui hata vichwa. Lugha yangu mwenyewe inalo, na sikulifikiria.

"Kwa hiyo alikuwa anatuaga," nikasema.

"Sijui," akajibu. "Mimi ni mwalimu. Hicho Kiodia ndicho ninachofundisha, kila siku, miaka yote. Na siku ile aliponiambia asuchi nilikata simu, nikaenda chumba cha mama, nikatoa godoro juani, nikafua mashuka ya kumtandikia." Nilisikia akivuta pumzi. "Yako kwenye kamba mpaka leo. Watoto wangu wananiambia niyaanue. Siwezi kuyaanua."